Dk. Abdurahman wa Cape Town: Alishindwa London, akashinda darasani

Katika somo la Maarifa ya Uislamu ninalofundisha sekondari, kila tunapofika kwenye mada ya usawa wa binadamu, vijana huwa wepesi wa kutaja majina. La kwanza ni la Bilal bin Rabah (RA), la pili ni la Malcolm X. Baada ya hapo darasa linanyamaza. Siku moja nikawatajia Dk. Abdullah Abdurahman wa Afrika Kusini. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumsikia, nami nikatumia kipindi kizima kuwasimulia. Nilipomaliza, kijana mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake la haraka. Alitaka kujua, ikiwa mtu huyu alihangaika maisha yake yote na sheria za kibaguzi zikapitishwa vilevile, tumhesabu kuwa alifaulu au alishindwa? Makala haya ni jibu langu kwa kijana yule, na kwa wengine wenye swali kama lake.

Abdullah Abdurahman alizaliwa Disemba 1872 katika mji mdogo wa Wellington, si mbali sana na Cape Town. Babu na bibi yake walikuwa watumwa waliojinunulia uhuru wao. Tukumbuke kuwa Waholanzi walipojikita Cape kuanzia mwaka 1652, walileta watumwa kutoka India, visiwa vya Indonesia, Madagaska, Msumbiji na hata pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Walileta pia wafungwa wa kisiasa, miongoni mwao masheikh waliokataa kutawaliwa huko Mashariki ya Mbali. Ndivyo Uislamu ulivyofika kusini kabisa mwa bara letu, ukiwa umefungwa minyororo. Waingereza walipofuta utumwa huko mwaka 1834, waliwashikilia waliokuwa watumwa kwa miaka minne mingine kwa kisingizio cha kuwafundisha kazi. Kwa hiyo daktari ninayemzungumzia hakusoma habari za utumwa vitabuni tu. Ilikuwa historia ya nyumbani kwao.

Baba yake alikuwa mwanachuoni aliyesoma Makka na Al-Azhar, Cairo. Hapa ndipo penye fundisho la kwanza. Nyumba hii ya elimu ya dini haikuifanya elimu ya dini na elimu ya dunia kuwa wake wenza wasiopikiana. Kijana alisoma kwa mabruda wa Marist, kisha akaingia shule ya South African College, ambako wanafunzi wasio Wazungu walihesabika kwa vidole. Kwa kuwa nchini mwake hapakuwa na mahali pa kusomea udaktari, mwaka 1888 alikwenda Chuo Kikuu cha Glasgow, Scotland. Alihitimu mwaka 1893, akaoa huko binti wa Kiscotland, Helen Potter James, na mwaka 1895 wakarejea Cape Town akafungua zahanati.

Serikali ya Afrika Kusini iliwagawa watu kwa mafungu kama bidhaa dukani. Palikuwa na Wazungu, Waafrika, Wahindi, na fungu la waliochanganya damu na wazao wa watumwa, ambao kwa Kiswahili tumezoea kuwaita machotara. Dk. Abdurahman alikuwa mtu wa kwanza wa fungu hilo kuhitimu udaktari. Angeweza kuridhika na heshima hiyo na kipato chake. Lakini daktari anayetibu watu wa mtaa kama District Six, uliokuwa na nyumba zilizosongamana na mifereji michafu, lazima siku moja ajiulize kwa nini mgonjwa aliyempa dawa mwezi uliopita amerudi na maradhi yaleyale. Kifua kikuu hakiponi kwa dawa tu ikiwa watu wengi wanalala chumba kimoja kisichopitisha hewa.

Zaidi ya hayo, maradhi yenyewe yaligeuzwa silaha ya ubaguzi. Mwaka 1901 tauni iliingia Cape Town kupitia bandarini. Wakubwa wa mji hawakuanza kwa kujenga nyumba bora. Waliwakusanya maelfu ya Waafrika na kuwahamishia Uitvlugt, nje ya mji, mahali palipokuja kuitwa Ndabeni. Afya ikawa kisingizio cha kutenga watu kwa rangi, miaka mingi kabla ya neno apartheid kuanza kutumika.

Mwaka 1904 Dk. Abdurahman aligombea udiwani wa Jiji la Cape Town akashinda, akawa mtu wa kwanza asiye Mzungu kukaa katika baraza hilo. Ukiacha muda mfupi tu, alibaki humo mpaka kufa kwake. Kwa miaka mingi aliongoza kamati ya barabara na mifereji. Huenda msomaji akaona hicho ni cheo kidogo. Lakini mtaa wa maskini hauna siasa kubwa kuliko mfereji unaopita mlangoni. Yeye alikuwa tabibu, alijua kuwa kuziba chanzo cha maradhi ni bora kuliko kupanga foleni ya wagonjwa.

Mwaka 1905 alichaguliwa rais wa APO, chama cha siasa kilichoanzishwa mwaka 1902 kuwatetea machotara, akakiongoza kwa miaka 35. Mkewe, Nellie kama alivyojulikana, aliongoza jumuiya ya wanawake ya chama hicho. Mwaka 1909 chama kilianzisha gazeti lake kwa lugha mbili, Kiingereza na Kiholanzi. Ndani yake mlikuwa na safu ya mzaha mkali iliyoandikwa kwa Kiafrikana cha mitaani chini ya jina la kubuni, Piet Uithalder. Wanahistoria wengi wanaamini kuwa Piet huyo alikuwa daktari mwenyewe.

Mwaka huohuo ulikuja mtihani mkubwa. Makoloni manne ya Afrika Kusini yalikuwa yanaunganishwa kuwa dola moja, na muswada wa katiba yake ulisema wabunge lazima wawe wa asili ya Ulaya. Cape ilikuwa na utaratibu wa zamani wa kumpa kura mwanamume yeyote mwenye mali au kipato kilichotakiwa, bila kujali rangi. Sasa hata hicho kidogo kilikuwa mashakani. Ujumbe ulikwenda London kupinga. Aliuongoza W.P. Schreiner, waziri mkuu wa zamani wa Cape, na ndani yake walikuwamo Dk. Abdurahman, Walter Rubusana na John Tengo Jabavu. Mzungu, Mwislamu mzao wa watumwa na Wakristo wawili wa Kixhosa walisimama safu moja. Gandhi naye alikuwa London wakati huohuo, akiwatetea Wahindi wa Transvaal.

Bunge la Uingereza liliwasikiliza kwa adabu, kisha likapitisha sheria kama ilivyoletwa. Walirudi mikono mitupu, na tarehe 31 Mei 1910 dola ya kibaguzi ikazaliwa.

Nawaombeni tusimame hapa kidogo. Wengi wetu tukishindwa jambo moja kubwa, hurudi majumbani tukalaumu dunia. Dk. Abdurahman aligeukia darasa. Sheria ya elimu ya Cape ya mwaka 1905 ilikuwa imeweka njia ya kuwalazimisha watoto wa Kizungu kwenda shule na kuwatenga wengine. Watoto wasio Wazungu waliachiwa shule za misheni, ambazo nyingi ziliishia madarasa ya chini. Mwaka 1912, kwa juhudi zake na wenzake, ilifunguliwa Trafalgar huko District Six, shule ya sekondari ya kwanza ya watoto wa machotara mjini humo. Mkuu wake wa mapema alikuwa kijana Harold Cressy, ambaye alikuwa amefungiwa milango ya chuo kikuu kwa sababu ya rangi yake mpaka daktari alipomsaidia kuingia. Mwaka 1913 Cressy akawa rais wa kwanza wa chama cha walimu kilichoundwa kwa kuhimizwa na daktari huyohuyo.

Waislamu wa Cape walikuwa na tatizo la ziada, na sisi wa Afrika Mashariki tunalijua vizuri. Shule zilizopata ruzuku ya serikali zilikuwa za kanisa. Mzazi alichagua moja kati ya mawili: ampeleke mtoto huko akihofia imani yake, au ambakishe madrasa akose elimu ya kumpatia kazi. Wengi walichagua la pili. Mwaka 1913 Dk. Abdurahman aliongoza kuanzishwa kwa Rahmaniyeh, shule ya msingi ya Kiislamu iliyofundisha masomo ya serikali na dini chini ya paa moja, na ikapata ruzuku. Baada yake zikafuata nyingine. Hakuwaambia wazazi kuwa hofu yao ni ujinga. Aliwajengea shule ambayo hawakuwa na sababu ya kuihofia.

Si haki nikamfanya malaika. Aliamini mno kwamba ukionyesha utii, mkubwa atakulipa. Katika Vita Kuu ya Kwanza aliunga mkono vijana wa machotara kujiandikisha katika kikosi cha Cape Corps. Vijana hao walifika mpaka hapa Tanganyika mwaka 1916 kupigana na Wajerumani, na mwaka 1918 walikuwa Palestina. Vita vilipokwisha hawakupewa haki walizotarajia. Pia aliendelea kuviunga mkono vyama vya Wazungu alivyoviona vina nafuu, na nafuu hiyo ilizidi kupungua. Mwaka 1930 wanawake wa Kizungu walipewa kura, wengine wakanyimwa. Mwaka 1936 Waafrika wa Cape walitolewa kwenye daftari la pamoja la wapiga kura.

Pamoja na hayo, alizidi kupanua upeo wake. Mwishoni mwa mwaka 1925 aliongoza ujumbe wa Wahindi wa Afrika Kusini kwenda India kupinga muswada wa kuwatenga kimakazi, na muswada ule ukawekwa kando. Kuanzia mwaka 1927 huko Kimberley, na mara kadhaa hadi mwaka 1934, aliitisha mikutano ya Waafrika, Wahindi na machotara kwa pamoja. Kwa zama zile, kuwakutanisha watu ambao serikali ilitaka wasijuane halikuwa jambo dogo.

Upinzani mkali zaidi ulimtoka nyumbani kwake. Binti yake Zainunnisa, aliyejulikana kama Cissie Gool, mwaka 1935 akawa rais wa kwanza wa National Liberation League, chama cha vijana walioona kuwa wazee wamebembeleza vya kutosha. Mwaka 1938 naye alichaguliwa diwani. Baba na binti wakakaa katika baraza moja, wakitafuta haki ileile kwa njia mbili. Mimi sioni aibu katika hilo. Mtu anayemsomesha binti yake asishangae siku binti huyo anapofikiri kwa akili yake.

Dk. Abdurahman alifariki Februari 1940, na maelfu ya watu wa kila rangi na dini wakamsindikiza. Yaliyofuata yalikuwa machungu. Mwaka 1956 machotara nao walitolewa kwenye daftari la wapiga kura. Mwaka 1966 District Six ilitangazwa kuwa eneo la Wazungu, na zaidi ya watu 60,000 wakahamishwa, nyumba zao zikabomolewa.

Je, basi alishindwa? Nikirudi kwa mwanafunzi wangu, namwambia hivi. Shule ya Trafalgar haikubomolewa. Miongoni mwa waliosoma hapo ni Dullah Omar, Mwislamu na mwanasheria aliyemtetea Nelson Mandela. Mwaka 1994 serikali ya wengi ilipoingia, Dullah Omar ndiye aliyekuwa waziri wa sheria wa kwanza. Kwa hiyo yule aliyerudi London mikono mitupu mwaka 1909 alipanda mbegu mwaka 1912, na miaka 82 baadaye mmoja wa waliosoma katika shule ile akashika wizara ya sheria katika nchi ileile. Mwaka 1999 serikali ya Mandela ilimtunukia daktari nishani ya juu ya heshima, akiwa kaburini karibu miaka 60.

Ndugu msomaji, Mtume (SAW) alitufundisha katika hija yake ya kuaga kuwa rangi haimpi mtu ubora juu ya mwenzake isipokuwa kwa uchamungu. Kulihubiri hilo mimbarini ni wajibu. Lakini mtoto asiye na shule na mgonjwa anayelala penye maji machafu wanahitaji pia mtu wa kuingia kwenye kamati ya mifereji, kuandika barua za ruzuku na kugonga milango isiyofunguka. Kazi hiyo haina shangwe, na pengine matunda yake huliwa na wajukuu.

Tujiulize, katika mitaa yetu ni nani anayeifanya leo? Allah amrehemu Dk. Abdullah Abdurahman, amsamehe alipokosea, na atujaalie nasi tuache nyuma yetu angalau darasa moja. Amin.