Lavoisier, Mtu Aliyepima Pumzi

Mtu akikosa chakula aweza kuishi siku nyingi. Akikosa maji, siku chache. Lakini akizibwa pumzi, dakika chache tu zatosha kummaliza. Jambo hili lilijulikana tangu kale. Lililokuwa halijulikani ni hili: hewa ikisha kuingia kifuani, hufanya kazi gani humo? Aliyelifumbua fumbo hilo ni Mfaransa aitwaye Antoine Lavoisier, nami nataka kuwasimulia wasomaji wetu habari zake, maana mara nyingi tunamtaja darasani kwa mstari mmoja, kisha tunapita.

Alizaliwa mjini Paris tarehe 26 Agosti, 1743. Baba yake alikuwa mwanasheria mwenye mali. Mama yake alifariki mtoto akiwa na miaka 5. Alisomea sheria kama baba yake, akafaulu, lakini moyo wake ulikuwa katika sayansi, na mwaka 1768, kabla hajatimiza miaka 25, alipokewa katika Akademia ya Sayansi ya Ufaransa.

Mwaka ule ule alifanya jambo jingine, ambalo baadaye lilimponza. Alinunua fungu katika shirika la matajiri waliomlipa mfalme fedha, kisha wao wakapewa haki ya kutoza ushuru wa chumvi, tumbaku na vitu vingine. Watu waliwachukia sana watoza ushuru hao. Lakini fedha zile ndizo zilizomnunulia Lavoisier vyombo vya kazi yake, hasa mizani zilizotengenezwa kwa ustadi mkubwa. Mwaka 1771 alimwoa Marie-Anne Paulze, binti wa mmoja wa wenzake katika shirika hilo. Binti huyo alikuwa na miaka 13 tu! Akajifunza Kiingereza ili amfasirie mumewe vitabu, akajifunza na kuchora, akawa mwandishi wake katika chumba cha majaribio.

Siku hizo wenye elimu waliamini kwamba kitu kikiungua hutokwa na kitu fulani kilichoitwa flojistoni. Lavoisier alitia mashaka, kwa kuwa alipounguza salfa na fosforasi mwaka 1772 aliona uzito unaongezeka badala ya kupungua. Kama kitu kimetoka, uzito umeongezekaje? Mwezi wa Oktoba 1774 Mwingereza Joseph Priestley alifika Paris, akamweleza mezani habari za hewa ya ajabu aliyoipata kwa kupasha moto unga mwekundu wa zebaki. Mshumaa uliwaka sana ndani yake. Lavoisier akalifuata neno hilo. Kwa haki, hakumpa Priestley sifa iliyomstahili, na hilo ni doa katika habari zake.

Alitia zebaki katika chupa pamoja na hewa inchi za ujazo 50, akaipasha moto siku 12. Hewa ikapungua ikawa inchi 42 au 43, na juu ya zebaki pakatokea unga mwekundu. Hewa iliyobaki ilizima mshumaa na kuua wanyama. Kisha akaupasha ule unga kwa moto mkali zaidi, ikatoka hewa ile ile iliyopotea. Hewa hiyo ndiyo aliyoipa jina la oksijeni.

Sasa akaigeukia pumzi. Katika majira ya baridi ya 1782 na 1783, yeye na mwenzake Laplace walitengeneza chombo kilichozungushiwa barafu, wakamweka ndani simbilisi, yule mnyama mdogo wa kufugwa afananaye na sungura asiye na masikio marefu. Joto la mwili wake likayeyusha barafu, wao wakapima maji. Kwa saa 10 ziliyeyuka wakia 13. Kisha wakahesabu makaa ya kutoa kaboni dayoksaidi sawa na ile aliyoitoa mnyama yangeyeyusha barafu kiasi gani, wakapata zaidi kidogo ya wakia 10. Hesabu hazikulingana kabisa, lakini zilikaribiana vya kutosha kuwaonyesha kwamba kupumua ni kuungua polepole, bila mwali wala moshi. Baadaye Lavoisier alieleza kwamba sehemu ya oksijeni huungana na haidrojeni iliyomo mwilini, ikawa maji.

Alidhani moto huo unawaka mapafuni. Hapo alikosea. Wataalamu wa karne iliyofuata walionyesha kwamba damu huichukua oksijeni na kuipeleka kila mahali mwilini, na chakula huunguzwa ndani ya chembe hai zenyewe, ambako nguvu hupatikana.

Mwaka 1789 na 1790 alimpima mtu, kijana aliyeitwa Armand Seguin, aliyevaa kifuniko usoni na kuvuta hewa kwa bomba. Walipata kwamba oksijeni huongezeka kutumika wakati wa baridi, na baada ya kula, na wakati wa kazi nzito hupita mara mbili ya ile ya mtu aliyepumzika. Ndiyo sababu tunahema baada ya mpira. Lavoisier akaliona na jambo jingine humo: maskini afanyaye kazi kwa mikono huunguza mwili wake kuliko tajiri aliyekaa kitako, naye ndiye mwenye chakula kidogo. Aliyaandika hayo mtoza ushuru!

Wakati huo mapinduzi yalikuwa yamekwisha kuanza. Novemba 1793 watoza ushuru walikamatwa. Tarehe 8 Mei, 1794 walihukumiwa, na siku hiyo hiyo Lavoisier, mwenye miaka 50, alikatwa kichwa kwa gilotini pamoja na baba mkwe wake na wenzao wengine. Mwaka uliofuata serikali ilimrudishia mjane mali zake. Naye alikuwa ametiwa kifungoni kwa muda. Akakusanya maandiko ya mumewe, akayapiga chapa, akaishi mpaka 1836.

Picha alizochora za majaribio ya pumzi ziko hata leo. Katika moja Seguin ameketi, kifuniko usoni, Lavoisier amesimama akitoa maagizo, na upande mmoja mezani yupo mwanamke mwenye kalamu, anaandika hesabu. Ni yeye mwenyewe.