John Harrison, seremala wa saa

John Harrison alizaliwa 1693 kule Yorkshire, Uingereza, mutoto wa seremala. Kazi ya saa alijifunza mwenyewe. Mwaka 1713 akatengeneza ya kwanza, ile ndefu ya kusimama chini, magurudumu ya mbao! Ingine, ya Brocklesby Park, haiombi mafuta, juu mti wake uko na mafuta ndani. Inatembea mpaka leo.

Bunge liliahidi pauni 20 000 kwa mutu atakayewezesha mabaharia kujua wamefika wapi, mashariki ao magaribi. Harrison akaleta saa ndogo. Kufika Jamaika, 1762, ilichelewa sekunde 5 tu. Wakamulipa nusu, nusu ingine wakaizungushia masharti mapya. Mufalme George III akaingilia. Makuta ya mwisho aliyapata 1773, muzee wa miaka 80. Alikufa 1776.