Carothers, tabibu aliyedai Waafrika hawana wasiwasi wa kurudiarudia

Mwaka 1954 serikali ya kikoloni iliwahamisha wakazi wa Kangema, pamoja na wenzao wa Nyeri, Kiambu na Embu, na kuwasonganisha katika vijiji vilivyolindwa na askari. Miongoni mwa waliopendekeza mpango huo ni daktari wa magonjwa ya akili, John Colin Carothers, aliyekuwa ameombwa aeleze chanzo cha vita vya Mau Mau.

Alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1903, akawasili Kenya mwaka 1929 akiwa tabibu wa kawaida. Mwaka 1938 alikabidhiwa Hospitali ya Mathari, Nairobi, ilhali hakuwa amesomea maradhi ya akili. Stashahada ya taaluma hiyo aliipata mwaka 1946.

Huko Mathari aliwachunguza wagonjwa wa Kiafrika walioingia kati ya mwaka 1939 na 1943. Katika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, alilinganisha fikra za Mwafrika na za Mzungu aliyepasuliwa ubongo. Aidha, alishikilia kuwa Waafrika ni nadra mno kuugua ule wasiwasi unaomlazimisha mtu kunawa, kuhesabu au kukagua kufuli tena na tena, ingawa mwenyewe ajua haina haja.

Lakini ni nani aliyefikishwa Mathari? Hasa aliyezua fujo. Mama wa Kangema aliyenawa mikono hadi ikachubuka hakumsumbua chifu. Alibaki kwake, pengine akisifiwa kwa usafi. Pwani nako, mashekhe walikuwa wamewaonya waumini tangu kale dhidi ya kurudia udhu bila kikomo, na neno wasiwasi walikuwa nalo. Daktari angaliwauliza!

Thomas Lambo wa Nigeria alikuwa miongoni mwa wataalamu waliompinga. Leo yafahamika kuwa maradhi hayo huwapata watu wa mataifa yote, takriban 1 hadi 3 katika kila 100.

Yanatibika pia. Mgonjwa huongozwa hatua kwa hatua kugusa anachokihofia, kisha hujizuia kunawa mpaka hofu ipungue yenyewe. Victor Meyer alieleza mbinu hiyo London mwaka 1966. Dawa kama fluoksetini husaidia, ila huenda zikachukua hadi wiki 12, na wengi huziacha mapema mno wakidhani zimeshindwa.

Carothers alifariki mwaka 1989, tiba hiyo ikiwa imetumika kwa zaidi ya miaka 20.