Renoir: Mikono ilipogoma, alibadili zana

Mkulima wa Maruku anajua kwamba kibanja hakisubiri. Majani makavu ya migomba yanataka kuondolewa, machipukizi yanataka kupunguzwa, na kahawa ikiiva inataka kuchumwa. Lakini umri nao hausubiri. Wapo wengi, wake kwa waume, ambao vidole vyao hukakamaa asubuhi, viungo huvimba, na mpini wa jembe waliouzoea kwa miaka mingi sasa huwaumiza. Baadhi yao huvumilia hadi mkono ukashindwa kabisa. Wengine huweka jembe chini na kuwa watazamaji katika shamba lao wenyewe.

Ipo njia ya tatu, nayo ni kuifanya zana imfuate mtu badala ya mtu kuifuata zana. Njia hiyo inaonekana wazi katika maisha ya Pierre-Auguste Renoir, mchoraji mashuhuri wa Ufaransa, ambaye aliishi na baridi yabisi kwa zaidi ya miaka 20 na hakuacha kazi yake mpaka alipofariki.

Mtoto wa fundi cherehani

Renoir alizaliwa Februari 25, 1841 katika mji wa Limoges, unaosifika kwa vyombo vya kaure. Baba yake alikuwa fundi cherehani na mama yake mshonaji. Familia ilihamia Paris angali mdogo. Alipofika umri wa miaka 13 alipelekwa kujifunza kazi katika karakana ya vyombo vya kaure, akichora maua kwenye sahani na vikombe.

Ilikuwa kazi nzuri kwa kijana wa familia ya kipato kidogo, lakini haikudumu. Mashine za kuchapa michoro ziliingia sokoni, zikafanya kwa bei ndogo kazi iliyokuwa ikifanywa kwa mkono, na karakana ikafungwa. Renoir hakukaa kulalamika. Aligeukia kupamba mapepeo ya mkononi na mapazia ya madirisha, na mwaka 1862 akaanza masomo ya uchoraji.

Mwaka 1874 yeye na wenzake, akiwemo Claude Monet, walifanya maonyesho yao wenyewe jijini Paris. Wakosoaji wengi waliwadhihaki na wanunuzi walikuwa wachache. Mfanyabiashara wa picha, Paul Durand-Ruel, ndiye aliyewashika mkono kwa kununua kazi zao wakati soko lilikuwa halijazitambua. Ilichukua miaka mingi kabla Renoir hajaishi kwa raha kutokana na jasho lake.

Ugonjwa waingia

Mwaka 1880 Renoir alivunjika mkono wa kulia. Hakusubiri upone, bali alichora kwa mkono wa kushoto. Mwaka 1897 alianguka na baiskeli huko Essoyes, kijiji cha mkewe Aline, na mkono ule ule ukavunjika tena. Wakati huo dalili za baridi yabisi zilikuwa zimekwisha kuonekana.

Baridi yabisi aliyougua Renoir si ile ya viungo kulika kwa uzee tu. Ni ile ambayo kinga ya mwili hugeuka na kushambulia viungo vyenyewe. Viungo huvimba, huuma na hatimaye hupinda. Enzi zake haikuwapo dawa ya kuuzuia ugonjwa huo, hivyo mwaka hadi mwaka vidole vyake vilijikunja kuelekea kiganjani, mabega yakakaza na miguu ikaisha nguvu.

Kwa kutafuta hali ya joto, alihamia kusini mwa Ufaransa. Mwaka 1907 alinunua shamba la Les Collettes katika mji wa Cagnes, karibu na bahari ya Mediterania. Lilikuwa na mizeituni ya zamani sana ambayo ilikuwa hatarini kukatwa, na ununuzi huo uliiokoa. Aline, aliyetoka katika kijiji cha wakulima wa mizabibu, ndiye aliyelisimamia shamba. Renoir alijenga humo banda la kuchorea.

Zana zabadilishwa

Mwanzoni alipambana kwa mazoezi. Kila asubuhi alirusha na kudaka vipira vidogo vitatu ili vidole visikakamae. Vidole viliposhindwa kudaka, aliacha mchezo huo na kutafuta njia nyingine.

Viganja vyake vilifungwa vitambaa laini ili kucha na mpini wa brashi visichubue ngozi. Msaidizi alimwekea brashi katikati ya vidole, naye akaendelea. Watu wengi husema brashi ilifungwa mkononi kwa kamba, lakini sivyo. Vitambaa vilikuwa vya kulinda ngozi tu, na mkono wenyewe ndio uliofanya kazi.

Picha kubwa zilileta tatizo jingine, kwa sababu bega halikuweza kuinuka. Ukatengenezwa mtambo wenye miti miwili ya mviringo na mkono wa kuzungushia. Kitambaa cha kuchorea kiliviringishwa juu au chini, hivyo sehemu anayotaka kuichora ikaja mbele yake pale alipokaa. Kazi ilimfuata mfanyakazi.

Mwanawe Jean, ambaye baadaye alikuwa mtengenezaji maarufu wa filamu, alisimulia habari ya daktari aliyemsaidia baba yake kusimama na kutembea hatua chache baada ya kukaa muda mrefu kitini. Renoir aliona kwamba kutembea kungemmalizia nguvu zote na asibakiwe na za kuchorea. Akarudi kwenye kiti chake cha magurudumu kwa hiari yake. Huo ulikuwa uamuzi mgumu, lakini alijua kazi ipi ni ya lazima na ipi ya kuacha.

Kuanzia mwaka 1913 alitengeneza pia sanamu, kazi ambayo mikono yake isingeiweza. Alimtumia kijana fundi, Richard Guino, yeye akielekeza na Guino akifinyanga. Mwaka 1973 mahakama ya juu ya Ufaransa iliamua kwamba Guino naye ni mwenye sanamu hizo. Anayeazima mikono ya mwingine na akumbuke kuipa haki yake.

Aline alifariki mwaka 1915, na watoto wao wawili, Pierre na Jean, walijeruhiwa katika Vita Kuu ya Kwanza. Renoir aliendelea kuchora mpaka alipofariki Desemba 3, 1919 akiwa na umri wa miaka 78.

La kujifunza kibanjani

Wazee wanaocheza gofu huku viungo vikiwauma hutumia kanuni hiyo hiyo, kwa kuchagua fimbo nyepesi zenye mshikio mnene na laini. Mkulima naye anaweza kufanya hivyo bila gharama kubwa.

Mpini mwembamba hulazimisha vidole vibane sana. Uzungushie vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli uwe mnene na usiteleze. Chagua jembe jepesi lenye mpini mrefu wa kukupunguzia kuinama. Noa panga mara kwa mara, maana panga butu humaliza kiwiko. Chuma kahawa ukiwa umekaa pale matawi yanaporuhusu, na mkungu wa ndizi ubebwe kwa baiskeli au toroli. Kazi moja isishikiliwe asubuhi nzima, bali ibadilishwe ili mkono upumzike.

Mfanyabiashara wa pembejeo naye amruhusu mteja ashike mpini kabla ya kulipa. Jembe lililomfaa kijana huenda lisimfae mama yake.

Mwisho, tunayo nafasi ambayo Renoir hakuipata. Leo zipo dawa za kupunguza kasi ya ugonjwa huo, na hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa mapema. Ukiona viungo vimevimba na asubuhi vinakakamaa kwa saa nzima au zaidi, kwa wiki kadhaa, nenda hospitali ukapimwe. Usiishi kwa vidonge vya maumivu vya dukani, kwani vikitumika muda mrefu bila ushauri wa daktari vyaweza kudhuru tumbo na figo. Vidole vikishapinda ni vigumu kuvinyoosha, lakini mpini wa jembe unaweza kubadilishwa leo hii.