Watu wa Miti: Vijana wa 1922 waliocheza ngoma wakaapa

Ukitaja upanzi wa miti Kenya, jina la kwanza ni Wangari Maathai. Sawa kabisa. Lakini miaka 55 kabla ya Green Belt Movement kuanza 1977, vijana wa Kiambu walikuwa wameshaapa kulinda miti. Aliyewachochea ni Mzungu mmoja, Richard St. Barbe Baker.

Jamaa alizaliwa 1889 huko Hampshire, Uingereza. Akiwa kijana alienda Canada, akaona wakulima wakifyeka miti halafu upepo unabeba udongo. Hiyo picha haikumtoka. Alipigana Vita vya Kwanza vya Dunia, akajeruhiwa, kisha akasomea misitu Cambridge. 1920 akaletwa Kenya kama afisa wa misitu.

Alikuta hali mbaya. Walowezi walishanyakua ardhi nzuri, wenyeji wamebanwa, na miti inaisha. Mti ukienda, mvua hubeba udongo na shamba halizai tena.

Angeweza kuleta amri na faini kama wakoloni wenzake. Badala yake aliketi na wazee, akiwemo Chifu Josiah Njonjo. Wazee walimweleza kuwa kupanda miti ni kazi ya Mungu. Baker akaona Wagikuyu wana ngoma ya kupanda na ngoma ya kuvuna, basi mbona kusiwe na ngoma ya miti?

Tarehe 22 Julai 1922, vijana karibu 3,000 walifika wamejipamba. Wakachaguliwa 50 wa kwanza. Waliapa kupanda miti 10 kila mwaka, kutunza miti popote ilipo, na kutenda jema moja kila siku. Wakaitwa Watu wa Miti.

Wazo hilo lilivuka bahari. Baker alilipeleka Uingereza 1924, na shirika lililozaliwa huko sasa linaitwa International Tree Foundation. Mwenyewe aliendelea kuzunguka dunia, hata akavuka Sahara kutazama jangwa linavyosambaa. Alifariki Juni 1982 huko Saskatoon, Canada, akiwa na miaka 92, siku chache tu baada ya kupanda mti wake wa mwisho.

Mimi nishapanda miche kadhaa kwenye hafla, nikapiga picha, nikaposti, nikaenda zangu. Sijawahi kurudi hata na mtungi wa maji. Wale vijana wa 1922 hawakuapa kupanda tu, waliapa kutunza. Hapo ndipo kizazi chetu kinafeli, na mafuriko na ukame havitungoji tujipange.

Wewe mche wako uliuona lini mara ya mwisho?