Sheikh Ramiya, mtumwa aliyekuwa liwali wa Bagamoyo

Zamani za misafara, watumwa kutoka Kongo walipitishwa Tabora hadi pwani. Njia mojawapo ilipita Simbamwene, mji wa Kisabengo chini ya milima ya Uluguru, ambapo leo ni Morogoro yetu. Katika biashara hiyo aliletwa Bagamoyo mtoto wa Kimanyema. Akaitwa Yahya bin Abdallah, na wengi wakamjua kwa jina la Ramiya.

Alilelewa utumwani katika nyumba ya Waarabu wa ukoo wa Lamki. Tukumbuke kwamba Bagamoyo ya siku zile iliuliza kwanza nasaba, naye hakuwa na babu wa kumtaja. Alichokuwa nacho ni bidii. Alisoma dini, akapata mashamba ya minazi, akafungua chuo chake, kisha akawa khalifa wa tarika ya Kadiria. Katika dhikri zake mtu wa bara na aliyekuwa mtumwa walisimama safu moja na wengine, na kwa maoni yetu hapo ndipo ilipokuwa nguvu yake.

Waingereza walipoiteka Bagamoyo mwaka 1916, Ramiya akateuliwa kuwa liwali. Sasa waungwana walipeleka mashauri yao kwa mtu aliyewahi kuwa mali.

Alifariki mwaka 1931. Mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, alirithi tarika, na baadaye akaiunga mkono TANU. Ziara ya Bagamoyo bado huwaleta watu wa bara na wa pwani kumwombea dua.