Paul Bomani: Mtu wa mizani aliyepimwa na wakulima wake

Mkulima wa kahawa wa nyanda za juu za Tarime, au wa pamba kule Serengeti, anapofikisha mazao ghalani huwa na maswali mawili kichwani. La kwanza, je, mizani hii inasema kweli? La pili, baada ya makato yote nitabaki na shilingi ngapi mkononi?

Maswali hayo hayakuanza leo. Ndiyo yaliyompandisha kijana mmoja aliyezaliwa katika mkoa wetu huu wa Mara hadi akawa Mwafrika wa kwanza kushika Wizara ya Fedha ya Tanganyika. Na ndiyo hayo hayo yaliyochangia kumwangusha katika uchaguzi wa mwaka 1965. Kijana huyo ni Paul Bomani, na maisha yake yana mengi ya kumfundisha mkulima na mfanyabiashara mdogo wa Turwa, Sirari, Mugumu na kwingineko.

Mtoto wa Ikizu

Bomani alizaliwa mwaka 1925 huko Ikizu, eneo ambalo sasa liko katika Wilaya ya Bunda, jirani na Serengeti. Kwa kabila alikuwa Msukuma, lakini baba yake alikuwa mhubiri wa Kanisa la Waadventista Wasabato, na kazi hiyo ndiyo iliyoileta familia Mara. Alisoma katika shule za kanisa hilo, kisha akapata ajira katika mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga, katikati ya miaka ya 1940.

Kazi ya mgodini hakukaa nayo sana. Mwaka 1947 alihamia Mwanza na kuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara wa Kiafrika. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha miaka miwili tu kabla, na bidhaa kama nguo zilikuwa bado adimu, zikitolewa kwa mgawo. Mwenye duka dogo wa Kiafrika alikuwa wa mwisho kwenye foleni. Mtu mmoja mmoja asingeweza kufungua mlango wa wauzaji wa jumla, ndipo wenye maduka wakaungana ili wasikike.

Hapo Bomani alijifunza jambo ambalo lingemfaa maisha yake yote. Mnyonge akienda sokoni peke yake hupangiwa bei. Wanyonge wakienda pamoja, huulizwa wanataka bei gani.

Mizani ya mkulima

Wakati huo pamba ndiyo iliyokuwa mfuko wa fedha wa Jimbo la Ziwa, ambalo lilijumuisha pia Mara. Mkulima alilima, akapalilia, akachuma na kuchambua safi na fifi, kisha akaibeba pamba yake kichwani au kwa baiskeli hadi kwenye duka la mnunuzi. Wanunuzi wengi na wenye viwanda vya kuchambua pamba walikuwa wafanyabiashara wa Kiasia.

Tatizo lilikuwa kwenye mizani. Mnunuzi ndiye aliyekuwa na mizani, ndiye aliyesoma namba na ndiye aliyeandika. Mkulima asiyejua kusoma alipokea alichoambiwa. Chukua mfano: mkulima amepima mara ishirini, na kila mara akapunjwa ratili mbili. Hizo ni ratili arobaini, yaani zaidi ya kilo kumi na nane, zilizoondoka bila kulipwa. Ukizidisha kwa maelfu ya wakulima, utaona utajiri uliopotea ulikuwa mkubwa kiasi gani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Bomani na wenzake walianza kuwapanga wakulima. Dawa waliyoileta ilikuwa rahisi: wakulima wawe na mizani yao wenyewe, mazao yapimwe kabla ya kufika kwa mnunuzi. Aliyekwisha kujua uzito wa gunia lake hadanganyiki. Jambo hilo dogo liliwavuta watu kwenye vyama kuliko hotuba yoyote.

Mwaka 1953 Bomani alikwenda Uingereza kusomea ushirika katika chuo cha Loughborough. Aliporudi, vyama vya msingi vilikuwa vimeenea. Mwaka 1955 liliundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, na yeye akawa meneja mkuu wake. Muundo wake ulikuwa wa ngazi tatu: chama cha msingi kijijini, chama kikuu juu yake, na shirikisho Mwanza. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 ununuzi wa pamba yote ya jimbo ulikuwa mikononi mwa ushirika, na shirikisho lilikuwa na viwanda vyake. Lilihesabiwa miongoni mwa vyombo vikubwa vya ushirika barani Afrika.

Ushirika huo ulikuwa na sura ya siasa pia. Chama cha TANU kilizuiwa kufanya kazi katika Jimbo la Ziwa kuanzia mwishoni mwa 1954 hadi 1958. Katika miaka hiyo mikutano ya vyama vya wakulima ndiyo iliyobaki kuwa mahali ambapo watu walikutana na kujifunza kujiongoza. Bomani mwenyewe aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria, na mwaka 1960 akawa waziri aliyeshughulikia kilimo na ushirika.

Fedha mkononi, redio mezani

Wazee wanaoikumbuka miaka ya 1960 huielezea kwa vitu vilivyonunuliwa baada ya mavuno. Msimu ukiwa mzuri, mama alipata jozi ya khanga, nyumba ilipata jembe jipya, na mwenye bahati alinunua baiskeli. Aliyejipanga zaidi aliezeka bati. Kwa Wakurya, fedha ya mazao iligeuka haraka kuwa ng'ombe, kwa sababu ng'ombe ndiye aliyekuwa benki, mahari na heshima ya boma. Kodi ya kichwa nayo ilisubiri mlangoni.

Shilingi ilikuwa na uzito. Shilingi ishirini zilikuwa sawa na pauni moja ya Uingereza, na shilingi saba na senti kumi na nne zilitosha kupata dola moja ya Marekani. Kima cha chini cha mshahara Dar es Salaam, kwa amri ya miaka ya mwanzo ya Uhuru, kilikuwa shilingi 150 kwa mwezi. Senti moja moja zilihesabiwa, zile za kale zenye tundu katikati, ambazo watu walizitunga kwenye uzi zisipotee.

Kitu kilichobadilisha jioni za vijijini ni redio ya betri. Mwenye redio alikuwa na wageni kila siku. Walisikiliza taarifa ya habari, kisha muziki: Salum Abdallah na Cuban Marimba ya Morogoro, hadi alipofariki mwaka 1965, na Nuta Jazz iliyoundwa mwaka 1964. Huku kwetu mpakani mawimbi ya Nairobi nayo yalisikika, na twisti za Daudi Kabaka hazikuhitaji pasipoti kuvuka. Ligi ya taifa ya soka ilipoanza mwaka 1965, klabu ya Sunderland, ambayo sasa ni Simba, ilitwaa ubingwa, na ubishi wa mpira ukahamia hadi kwenye vilabu vya pombe.

Noti mpya na mpaka wa Sirari

Mwaka 1962 Bomani alikabidhiwa Wizara ya Fedha, akichukua nafasi ya Sir Ernest Vasey. Nchi ilikuwa changa, hazina ndogo, na matarajio ya wananchi makubwa. Ni katika kipindi chake Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano ulipozinduliwa, mwaka 1964.

Uamuzi uliowagusa zaidi watu wa Tarime ulitangazwa Juni 1965. Hadi wakati huo Tanzania bara, Kenya na Uganda zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki. Mtu aliuza ng'ombe Tarime na kununua sukari ng'ambo ya mpaka kwa noti ile ile. Bomani na mawaziri wenzake wa Kenya na Uganda walitangaza kwamba kila nchi ingekuwa na benki kuu na fedha yake.

Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa Juni 14, 1966, na shilingi ya Tanzania ikatoka. Sarafu mpya zilikuwa na picha ambazo watoto walizijua haraka: samaki kwenye senti tano, mbuni kwenye senti ishirini, sungura kwenye hamsini, na mwenge kwenye shilingi moja. Mwanzoni shilingi ya Tanzania na ya Kenya zilikuwa na thamani sawa, na mchuuzi wa Sirari hakuona tofauti kubwa. Lakini kutoka siku hiyo kila nchi ilishika njia yake. Mpaka ulipofungwa mwaka 1977 hadi 1983, biashara iligeuka magendo, na thamani za fedha hizo mbili zikaachana kabisa. Anayebadilisha fedha mpakani leo anaishi ndani ya uamuzi ule.

Kura ya 1965

Noti mpya zilipotoka, Bomani hakuwa tena Waziri wa Fedha. Septemba 1965 ulifanyika uchaguzi wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja, ambapo wagombea wawili wa TANU walishindanishwa katika jimbo moja. Bomani aligombea Mwanza, nyumbani kwa ushirika alioujenga, na akashindwa.

Sababu hazikuwa za siri. Ushirika ulikuwa umekua haraka kuliko uwezo wa kuusimamia. Kila ngazi ilikata chake: chama cha msingi, chama kikuu, shirikisho, halmashauri, bodi ya mazao. Baadhi ya makarani na wajumbe wa kamati walituhumiwa kula fedha za wanachama. Mradi wa matrekta uliokusudiwa kumpumzisha mkulima na jembe la mkono ulileta hasara. Bei ya pamba ilipolegea katikati ya muongo huo, makato hayakulegea nayo. Mkulima aliyekuwa amepiga kelele kuhusu mizani ya mnunuzi wa Kiasia sasa alinung'unika kuhusu mizani ya chama chake mwenyewe.

Hakuna aliyesahau kazi ya Bomani ya miaka ya 1950. Lakini mpiga kura alitazama kilichobaki mkononi, akahesabu, akaamua.

Rais Julius Nyerere hakumwacha. Alimteua kuwa mbunge na kumpa wizara ya mambo ya uchumi na mipango, huku fedha zikienda kwa Amir Jamal. Malalamiko ya wakulima nayo hayakupuuzwa. Tume ya Rais iliyochunguza ushirika na bodi za mazao ilitoa taarifa mwaka 1966, ikaonyesha udhaifu wa uongozi na hesabu. Serikali iliingilia kati, na Shirikisho la Victoria likafikia mwisho wake, nafasi yake ikachukuliwa na Chama Kikuu cha Nyanza. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa nchi nzima, vikarudishwa katika miaka ya 1980 baada ya kuonekana kuwa pengo ni kubwa.

Bomani aliendelea kulitumikia taifa. Alikuwa balozi Marekani kuanzia 1972 hadi 1983, akarudi kushika nyadhifa za uwaziri, na tangu 1993 alikuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki dunia mwaka 2005, akiwa na umri wa miaka 80.

Funzo kwa mkulima na mchuuzi

Msomaji anaweza kuuliza, historia hii inanisaidia nini wakati bei ya mbolea inapanda? Inasaidia kwa mambo matatu.

Kwanza, pima kabla hujauza. Mizani ya pamoja ya kikundi, hata ndogo, hujilipa ndani ya msimu mmoja. Ukifika ghalani unajua uzito wako, mazungumzo huwa mafupi. Hili linamhusu pia muuza mahindi au viazi anayebanwa ajaze lumbesa.

Pili, usiridhike na bei iliyotangazwa. Dai karatasi inayoonyesha kila kato, nani amekata na kwa kazi gani. Wakulima wa miaka ya 1960 walijua bei ya kilele, ila wengi hawakujua fedha ilipungulia ngazi gani.

Tatu, chama kinapokua, hesabu zikue nacho. Chama cha Bomani kilipokuwa kidogo, mwanachama alimjua mpimaji na mpimaji alimjua mwanachama. Kilipokuwa kikubwa, hesabu zilisomwa na wachache. Mkutano mkuu wa mwaka si siku ya soda na posho. Ni siku ya mwanachama kuikagua mizani yake kwa mara ya pili.

Mtoto wa Ikizu aliwafundisha wakulima kutomwamini mtu anayepima peke yake. Wanafunzi wake walilishika somo hilo vizuri mno, hata wakampima na mwalimu.